Mstari wa Tisa: Nzuri, Ila

Uvumilivu wangu ulikatika siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, pamoja na herufi L.

Nilikuwa napiga taipu orodha ya vijana waliokataliwa kwenye chuo cha jeshi, nimefika jina la Masanja wa Pasiansi. Kwenye safu ya sababu nilitakiwa kuandika: "Hali ya nyumbani ni nzuri. Hana dhiki." Nikapiga H, nikapiga A, na nilipofika kwenye L nikaipiga kama mtu anayeua nge. Kichwa cha herufi kikang'oka kwenye mkono wake, kikaruka juu ya meza mbili, kikatumbukia kwenye chai ya karani mkuu.

Bwana Anselmi alichungulia kikombe. Alikuwa mtu wa utaratibu. Alichukua kijiko, akaiopoa ile L, akaifuta kwa leso, akaiweka kwenye kisahani. Ndipo akaniuliza, "Mama Rosa, kuna tatizo?"

"Hakuna," nikamjibu. "Ila wewe."

Ninyi vijana mliokalia meza yangu, maandishi haya ni yenu. Nimestaafu mwezi uliopita nikiwa na miaka ishirini na minane na watoto watatu, na huyo wa tatu ndiye aliyenistaafisha, maana kanuni ya ofisi inasema karani mwanamke akifikisha watoto watatu anahitaji kupumzika. Aliyeitunga kanuni hiyo hajawahi kukaa nyumbani na watoto watatu. Wanaume wakistaafu hupewa saa ya ukutani. Mimi nimepewa kanga na hotuba juu ya kunyonyesha, iliyotolewa na mtu asiye na maziwa.

Sitaandika habari za vyeo, kwa kuwa sikupata. Mshahara nao nikiugusa nitakasirika upya, na mama mkwe wangu anasema hasira huchachusha maziwa. Nataka kuwaeleza neno moja tu, lile lililopigwa chapa kwenye mstari wa tisa wa fomu yenu. Nasikia mmoja wenu amelidhania kosa la mtambo na anataka kulifuta. Asithubutu.

Niliingia ofisi ile ya jeshi hapa Mwanza, ya barua za askari na jamaa zao, wakati wa vita. Makarani wanaume walikuwa wamepelekwa mbali kupigana na watu ambao hawakuwahi kuwakosea, na barua zilikuwa zimejaa hadi dirishani. Mimi nilikuwa nimesoma kwa masista mpaka darasa la kumi. Kwa msichana wa Kisukuma siku zile hiyo ilikuwa elimu ya kutisha. Wajomba zangu waliuliza kama nakusudia kuolewa na kitabu. Sista alinifundisha kupiga taipu kwa vidole vyote kumi nikiwa nimefungwa kitambaa machoni, na nilipoolewa na fundi wa reli na kuhamia Kirumba, nilidhani elimu hiyo imekwisha kazi.

Bwana Anselmi alinipima siku ya kwanza. Aliniamuru niandike barua rasmi kwa kufuata maneno yake. Nikaimaliza kabla hajamaliza kukohoa. Akaisoma mara mbili akitafuta kosa, akapata koma moja iliyokaa vibaya, akafurahi sana, akaniajiri. Alikuwa amesoma seminari miaka mitatu kabla ya kugundua kwamba anapenda wanawake kidogo na sarufi kupita kiasi. Kalamu yake ya wino mwekundu haikutoka mfukoni ila kwa kusahihisha, na ilitoka kila dakika.

Mwanangu Rosa alikuwa na miezi minne. Nilimlaza kwenye sanduku tupu la karatasi, chini ya meza, na mlio wa mashine ukambembeleza kuliko wimbo. Mashine ikinyamaza, analia. Kwa hiyo nilikuwa mchapakazi, msinisifu. Kapteni, yule Mwingereza aliyekuwa mkubwa wa ofisi, alipoinama siku ya kwanza akamwona, aliuliza kama ameshaandikishwa.

Mashine yenyewe mnaijua, mmeirithi. Nawaachia mambo machache ambayo hayamo kitabuni. Herufi O na E hujaa uchafu wa utepe. Zichokoeni kwa pini na mafuta ya taa kila Ijumaa, la sivyo kila O itakuwa kama jicho lenye trakoma. Karatasi ya kaboni isiachwe juani. Na wale wadudu wa ziwani wanapokuja kama moshi, fungeni dirisha la upande wa maji haraka kuliko mnavyofunga midomo. Niliwahi kuchelewa, na barua moja ikaenda makao makuu ikiwa na nukta thelathini ambazo mimi sikuzipiga.

Kisha kuna L. Ilikuwa dhaifu tangu nilipoikuta. Mwaka wangu wa kwanza iling'oka, na vipuri vilikuwa vinasubiriwa kutoka Ulaya, ambako watu walikuwa na shughuli nyingine. Nikatumia R mahali pa L kwa wiki tatu. Hakuna mtu hata mmoja wa Mwanza aliyelalamika. Wengi walisema barua zetu sasa zinasomeka vizuri zaidi, kama mtu anavyoongea. Aliyelalamika ni ofisa mmoja wa makao makuu, aliyetaka kujua "mararia" ni ugonjwa gani na kwa nini askari wetu wanaomba vyandarua vyake. Mimi nilikuwa najichekea peke yangu kila nilipoandika "ila" ikatoka "ira", maana katika Kilatini cha kanisani, sista alitufundisha, ira ni hasira. Mwishowe Fundi Jivan, Mhindi mwenye duka la cherehani, aliichomelea L kwa risasi. Alinirudishia akasema, "Mama, hii ya kuandika. Si ya kutwanga."

Aliyenifundisha kazi hasa hakuwa Bwana Anselmi. Alikuwa tarishi wetu, Mzee Magesa, Mjita mfupi mwenye miguu mipana, aliyebeba barua tangu enzi ya Mjerumani. Hakujua kusoma. Alizitambua barua kwa harufu na uzito, na hakuwahi kupeleka moja kwa asiyehusika. Jukumu lake la pili lilikuwa kukaa kwenye benchi la dirishani na kuwasikiliza wanaokuja, na ukimwona ungedhani amelala.

Wiki yangu ya kwanza alikuja mama mmoja kutoka Butimba kuandikiwa barua kwa mumewe askari. Nikamwamkia, "Mwangaluka," akaitika. Nikachukua kalamu kama nilivyoelekezwa, nikamwuliza habari za nyumbani. Nzuri. Za watoto? Wazima. Za ng'ombe? Wazima. Nikaandika "Nzuri, wote wazima," nikagonga mhuri, nikamtakia safari njema. Mama akabaki amesimama pale pale. Nikadhani hajanisikia, nikamtakia tena.

Mzee Magesa alinyanyuka bila haraka, akaichukua ile karatasi mbele yangu, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Akamwambia mama aketi. Kisha wote wawili wakatazama ziwani. Nilimaliza kupiga barua nzima wakiwa wanatazama ziwa kama wamelinunua. Ndipo mama akasema, kwa sauti ya mtu anayekumbuka jambo dogo, "Ila nyumba imeungua."

Alipoondoka, tena na barua ya maana safari hii, Mzee Magesa aliniambia maneno ambayo ningeyachonga juu ya mlango wa ofisi kama ningeruhusiwa. "Mama Rosa, mtu akikwambia nzuri, weka kalamu chini. Hiyo ni kubisha hodi tu. Habari inakuja na ila."

"Na isipokuja, Mzee?"

"Basi hakuwa na shida. Alikuja kukuona wewe, mwanamke anayepiga chuma."

Nilifanya kazi kwa kanuni hiyo miaka yote ya vita na haikuniangusha. Nilijua hata urefu wake. Watu wa mjini hufika kwenye ila baada ya salamu tatu. Wakerewe, nne. Mtu wa mashambani Usukumani, hasa mwenye ng'ombe, mpe kiti na uanze kazi nyingine. Lakini hakuna anayeanza na shida. Kuanza na shida ni kama kuingia nyumbani kwa mtu ukiwa umetanguliza makalio.

Vita ilipokwisha, jeshi likafungua chuo cha vijana kule upande wa Kenya, cha kufundisha ufundi wa simu, magari na ukarani. Nafasi za kawaida zilikuwa za mtihani. Lakini zilitengwa nafasi chache za wenye dhiki, hasa watoto wa askari waliokufa; hao wangesoma, wangelishwa na kuvishwa. Fomu ikaja kwa Kiingereza, na mstari wa tisa ulimtaka mwombaji aeleze dhiki ya familia yake. Bwana Anselmi akapewa kazi ya kuitafsiri.

Aliifanya wiki nzima. Mistari minane ya kwanza aliimaliza siku moja. Ule wa tisa ukamnyima usingizi. Alituita, mimi na Mzee Magesa, akatusomea tafsiri yake ya kwanza: "Eleza dhiki ya familia yako." Akatikisa kichwa mwenyewe. Alisema huko ni kumkamata mtu ukosi mlangoni kwake. Utamwulizaje mtu dhiki na hujamwuliza hata hali? Serikali yenye adabu haianzi hivyo. Akaikata, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa kiseminari: "Habari za nyumbani (mstari mmoja, usizidishe)."

Alitutazama akingoja sifa. Mzee Magesa hakusikia vizuri, alikuwa anafunga kifurushi. Na mimi, wanangu, mimi niliyefundishwa kuweka kalamu chini, nilimwambia, "Ni ya adabu, Bwana Anselmi," kwa kuwa mdogo wake Rosa alikuwa ananing'ata, alikuwa ameanza kuota meno. Nikaipiga taipu kwenye stensili. Tukazungusha nakala. Fomu zikaenda.

Zikarudi. Kutoka Kirumba, kutoka Butimba, kutoka Pasiansi, kutoka visiwani kwa mashua. Nilizifungua nikiwa na furaha ya kazi inayoendelea vizuri. Mstari wa tisa, fomu ya kwanza: "Nzuri." Ya pili: "Nzuri sana." Ya tatu: "Njema, tunamshukuru Mungu." Mmoja wa Ukerewe aliandika, "Nzuri, na za kwako?" Mwingine, "Salama, sijui zenu huko jeshini." Mwingine hakusema habari zake kabisa, alitumia mstari wote kumfikishia Kapteni salamu za bibi yake. Nilimfahamu bibi huyo. Alikuwa kipofu, na kijana ndiye aliyekuwa macho yake, na hayo yote yalikuwa yanasubiri nyuma ya salamu, mlangoni, kwa heshima.

Nikazipeleka kwa Bwana Anselmi, nikamwambia fomu imeuliza salamu na watu wameitikia salamu. Alizipitia akiridhika. Alisema hajawahi kuona majibu yenye adabu namna hii, na kwamba kijana mwenye dhiki ya kweli angeiandika, nafasi ilikuwepo.

"Mstari mmoja," nikamwambia.

"Dhiki ya kweli inaenea mstari mmoja, Mama Rosa."

Kati ya fomu zote ilikuwepo moja ya Masanja wa Pasiansi. Mwandiko wake ulikuwa wa kubanana, kama samaki waliopangwa juani. Aliandika: "Shikamoo Bwana Kapteni, habari za nyumbani ni nzuri kwa neema ya Mungu, ila" na mstari ukaisha. Maelekezo yalisema usizidishe. Kijana mtiifu, kama jeshi linavyopenda, akatii. Akaacha hapo, akatia sahihi.

Bwana Anselmi alitoa kalamu yake nyekundu, akaikata ile ila.

Nikamwuliza anafanya nini. Akanieleza, kwa upole kabisa, kwamba ila ni kiunganishi, na kiunganishi hakiwezi kuning'inia mwishoni mwa sentensi bila kuunganisha kitu. Akaweka nukta baada ya "Mungu", akaikoleza.

Fomu zikaenda kwa Kapteni. Alikuwa mtu mwema, na Kiswahili alikijua kutoka katika kitabu, ukurasa kwa ukurasa, akiwa hajafika mwisho. Akasoma nzuri, nzuri, nzuri sana. Akafurahi mno. Aliniita nimpigie taipu barua kwenda makao makuu, akieleza kwamba watu wa huku ziwani ni wenye furaha ya pekee na kwamba vita haikuwagusa. Nafasi za dhiki zigawiwe mikoa mingine, akasema. Ila moja. Mwombaji mmoja tu alikuwa ameeleza dhiki, tena kwa Kiingereza, karatasi mbili, maana alijaza ile fomu ya Kiingereza aliyoiona mezani kwa baba yake. Baba huyo alikuwa mtu mkubwa mjini, mwenye nyumba ya bati na gramafoni. Dhiki yenyewe ilikuwa kwamba baiskeli ya pili ya nyumba hiyo imeuzwa, na kijana sasa analazimika kupakiwa na kaka yake.

Jumatatu, Mama Masanja alikuja dirishani. Sikuwa nimewahi kumwona. Alikuwa mwanamke mrefu, amejifunga kanga iliyofuliwa mpaka maandishi yake yamebaki herufi mbili. Alikuwa ametembea kutoka Pasiansi kuuliza kama mwanawe amepata. Nikamsalimia. Nikaweka kalamu chini.

Habari za nyumbani zilikuwa nzuri. Watoto wazima. Kazi njema. Rosa, ambaye sasa alikuwa anakimbia huku na huko, na mdogo wake ndiye aliyekuwa sandukuni, akaja akashika pindo la kanga yake, naye akamsalimia Rosa pia, kikamilifu. Kisha tukatazama ziwa.

"Ila mvua imechukua ukuta mmoja," akasema.

"Mmoja tu, dada?"

"Mmoja tu. Ndio uliokuwa umebaki."

 Mzee Magesa kwenye benchi lake akafumbua jicho moja.

"Ila baba yake Masanja hayupo," akaendelea.

"Amesafiri?"

"Alisafiri na jeshi lenu. Walituandikia kwamba amefika kwa Mungu." Alilisema hilo bila lawama, kama mtu anayeeleza njia. "Masanja ananisaidia na wadogo zake watatu. Anavua kwa nyavu za watu, halafu anasoma hesabu juu ya jiwe, kwa mkaa. Nasema akipata chuo, atakula huko, na hawa wengine watakula sehemu yake." Akafikiri kidogo, akaona pengine amezidisha, akamalizia, "Lakini hatujambo."

Nikamwambia majibu bado. Huo ulikuwa uongo, na ndio pekee niliowahi kuusema kupitia dirisha lile. Alinishukuru. Akaondoka na njia ya Pasiansi, na mimi nikarudi kwenye mashine.

Kwa hiyo Jumanne mnaijua. Chai, kijiko, kisahani. Baada ya kumwambia Bwana Anselmi kwamba tatizo ni yeye, nilimweleza kwa nini, kwa sauti ambayo iliwafanya hata wapakizi wa bandarini wanyamaze. Nilimwambia amekata shida ya mtu kwa sababu ya sarufi. Nilimwambia kwao hata marehemu huulizwa habari na kujibu nzuri. Nilimwambia mengine ambayo masista hawakunifundisha. Watoto wote wawili walilia. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, amekunja mikono, kisha akasema serikali huamini maandishi, na kwamba orodha inaondoka na treni ya Alhamisi.

Nikambeba mdogo mgongoni, nikamshika Rosa mkono, nikaenda kwa Kapteni bila kubisha hodi.

Kapteni alikuwa amejifunika blanketi la jeshi, jua la Mwanza likiwaka nje. Meno yake yalikuwa yanagongana kuliko mashine yangu. Mezani palikuwa na chupa ya kwinini. Nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele, lakini nilipomwona hivyo, adabu ya nyumbani ikanishika.

"Habari za asubuhi, Bwana Kapteni?"

"Nzuri, Mama Rosa," akasema akitetemeka. "Nzuri sana."

 Nikatazama dirishani kwake, na yeye akatazama. Ziwa lilikuwepo. Mashua moja ikapita taratibu, ikatokomea nyuma ya mawe. Rosa akakaa chini.

"Ila?" nikamwuliza.

"Ila," akasema Kapteni, "nadhani ninakufa."

Nikaweka fomu ya Masanja mbele yake, kidole changu juu ya ule wino mwekundu. Aliiangalia muda mrefu, jasho likimdondoka puani. Kisha akavuta fomu nyingine, ya yule wa Ukerewe, "Nzuri, na za kwako?" Niliona uso wake ukibadilika. Hakuwa mjinga, alikuwa hajafika ukurasa huo tu.

"Wote?" akauliza.

"Sijui, Bwana Kapteni. Hatukuwauliza."

Aliniambia hawezi kusimamisha orodha kwa sababu karani amekasirika. Jeshi lina utaratibu. Lakini kama pana malalamiko rasmi, kwa maandishi, nakala tatu, kupitia kwa karani mkuu, basi orodha haiwezi kuondoka mpaka yajibiwe. Akaniuliza kama nimeelewa. Nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Sasa, sipendi kumwacha msomaji akining'inia kama ile ila, kwa hiyo nawaambia kabisa: Masanja alikwenda. Alipanda treni ya wiki ya nne, na yule bibi kipofu alipata mjukuu mwingine wa kumshika mkono ili yule wa kwanza aende pamoja na Masanja. Kapteni hakufa. Fomu mpya ndiyo mnayoitumia, na siwafichi kwamba imeleta balaa lake: siku hizi hata kijana ambaye baba yake ana ng'ombe wa kujaza bonde anajaza mistari yote minane ya ila, na anaomba karatasi ya ziada. Hiyo ndiyo kazi yenu sasa. Ila ya kweli huchelewa kutoka. Inayotoka mbio, ichunguzeni.

Malalamiko niliyapiga siku ile ile, karatasi tatu na kaboni mbili, Rosa akiwa chini ya meza na mdogo wake mapajani. L ilikuwa bado kwenye kisahani, na kwa Fundi Jivan kungenipotezea siku. Nikapiga R kila mahali. Nikayapeleka kwa Bwana Anselmi kama utaratibu unavyotaka, ili ayapitishe.

Aliketi, akatoa kalamu nyekundu. Nilisimama mbele yake, sikuomba kiti. Alianza juu, akasahihisha R moja baada ya nyingine kuwa L, kwa uangalifu, kama mtu anayechambua mchele. Alipofika mahali panapomtaja yeye mwenyewe hakufuta kitu. Alisogeza koma tu. Alipofika mstari wa mwisho kalamu ikasimama hewani. Akaisoma sentensi. Akaniinulia macho, akayashusha. Ile miaka mitatu ya seminari haikuwa ya bure. Akafunga kalamu yake bila kuligusa neno lile, akagonga mhuri, akasema, "Imepita."

Barua yenyewe hii hapa, na masahihisho yake yote.

Kwa Bwana Kapteni,
kupitia kwa Karani Mkuu.

Kuhusu: Mstari wa tisa

Bwana,

Kwa heshima nakuarifu kwamba habari za ofisi ni nzuri, ila fomu yetu imewauliza watu habari za nyumbani, nao wameitikia kama walivyolelewa. Ofisi imewaadhibu kwa malezi yao.

Mstari uliotolewa ni mmoja. Huku kwetu mstari mmoja hautoshi hata kuvua viatu.

Karani Mkuu, ambaye ni mtu mwadilifu, amekata neno la mwisho la Masanja wa Pasiansi kwa kuwa halina kinachofuata. Kinachofuata ni hiki: baba yake alikufa akiwa askari wako, nyumba yao haina ukuta, na mama yake ana wadogo watatu ambao watashiba kijana huyu akiondoka.

Kijana aliyepewa nafasi ya dhiki amepungukiwa baiskeli. Naomba atafutiwe baiskeli, na nafasi irudi.

Naomba orodha isiondoke Alhamisi. Naomba kila aliyejibu "nzuri" arudishiwe fomu yake, neno lile lililokatwa lipigwe chapa baada ya jibu lake, na chini yake iachwe mistari minane mitupu.

Stensili niliipiga mimi. Kosa ni langu pia, na lisiandikwe kwa mwingine peke yake. Watoto walio chini ya meza hawahusiki.

Mimi mwenyewe sijambo, ira.

Veronika Kabula,
Mpiga Taipu